Kabla ya dramu, pedi

SAFU YA JUMAPILI
Na Zuberi Mahanyu

Kijana anayejifunza dramu Dar es Salaam hukwama mahali pamoja: pa kupigia. Mwenzake wa gitaa anachomoa waya usiku wa manane, anafanya mazoezi mpaka vidole viote sugu, na aliyelala chumba cha pili hana habari. Wa kinanda anavaa hedifoni. Wa dramu akigusa toazi mara moja tu, mtoto wa jirani ameshaamka na mama yake yuko dirishani.

Ndiyo maana wapigaji wetu wengi wamelelewa kanisani. Huko seti ipo na kelele ina ruhusa. Lakini huko nako kuna foleni. Mpigaji mkuu anapiga ibada, msaidizi wake anapiga mazoezi ya kwaya ya Jumamosi, na wadogo wanaobaki wanakaa nyuma ya seti wakigonga magoti yao kwa vidole, wakisubiri siku mkuu atakaposafiri. Siku hizi limeongezeka kundi jingine ambalo mimi nalifurahia sana: watu wazima wenye kazi zao, mhasibu, fundi umeme, mwalimu, wanaotaka kupiga kwa kujifurahisha tu baada ya kazi. Hawa wakipata fedha hununua seti ya mtumba, wakaifunga sebuleni, na ugomvi na mtaa ukaanza wiki hiyo hiyo. Baada ya miezi miwili seti imefunikwa shuka, inawekewa nguo za kupasi.

Tuelewe kwanza tunashindana na nini. Seti ya dramu ilikulia katika bendi za tarumbeta za Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 William Ludwig na nduguye Theobald walianzisha kampuni yao Chicago wakiuza pedali ya mguu, na kwa pedali hiyo mtu mmoja akaweza kufanya kazi iliyokuwa ya watu wawili au watatu. Vipaza sauti havikuwapo. Dramu ilipaswa kusikika juu ya tarumbeta na tromboni katika ukumbi uliojaa watu wanaocheza. Chombo hicho ndicho tunachokiingiza leo katika chumba cha futi kumi kwa kumi Tabata, nacho kikipigwa kwa nguvu huvuka desibeli 100 bila taabu, halafu tunashangaa jirani akigonga mlango.

Hapo ndipo trei za mayai zinapoletwa. Nimeingia katika vyumba kadhaa ambavyo kuta zake zimejaa trei kutoka sakafuni hadi darini, au sponji za rangi nyeusi, na mwenyewe anakuhakikishia kwamba sauti haitoki. Inatoka. Trei na sponji hupunguza mwangwi wa ndani, hasa ule mkali wa matoazi, ndiyo maana mpigaji anahisi chumba kimetulia. Kinachozuia sauti kuvuka ukuta ni uzito wa ukuta wenyewe: ukiuzidisha ukuta uzito mara mbili, unategemea kupunguza kiasi cha desibeli 6, na trei ya karatasi haina uzito wowote wa kuhesabika. Mdundo mzito wa dramu ya mguu ndio unaovuka kirahisi kuliko yote. Jirani hasikii matoazi yako tena, lakini kitanda chake bado kinatikisika.

Na kwa nyumba zetu, ukuta hata si tatizo kubwa. Tofali la sementi ni zito na linafanya kazi yake vizuri. Angalia juu. Katika nyumba nyingi za kupanga, kuta za vyumba zinaishia kwenye dari, na juu ya dari ni uwazi mmoja chini ya bati kwa vyumba vyote. Angalia dirisha: nondo, wavu wa mbu na pazia. Juu ya mlango kuna matundu ya hewa. Sauti ni kama maji, ikipata upenyo inapita, na hapa haikupata upenyo, ilipata barabara.

Wazungu wanaoandika vitabu vya mambo haya hushauri chumba ndani ya chumba, milango miwili, kila ufa uzibwe. Ushauri huo ni sahihi kwa London. Ukiziba kila ufa Sinza mwezi wa Februari, dakika ya ishirini utakuwa umeloa jasho na hewa imekwisha. Chumba kisichotoa sauti ni chumba kisichotoa hewa, kwa hiyo kinataka kiyoyozi na njia ya hewa iliyojengwa kwa ufundi wake. Mwenye uwezo huo ajenge. Sisi wengine tusidanganyane. Kwa Pwani hii, mahali pa kupunguza kelele ni pale pale kijiti kinapogonga.

Msimamo wangu kwa anayeanza ndio huu: usinunue seti. Nunua vijiti viwili, pedi moja ya mazoezi, na vizibo vya masikio. Ukikosa pedi ya dukani, nenda kwa fundi viatu akukatie kipande cha mpira wa soli ukubwa wa sahani, kiunge kwa gundi juu ya kipande cha plaiwudi, weka juu ya stuli yenye taulo chini yake. Mlio wake hauzidi wa mtu anayekatakata mboga ubaoni, na kijiti kinarudi juu chenyewe karibu kama kwenye ngoma ya snea.

Nilikaa alasiri moja Kinondoni nikimtazama mwalimu wa dramu akimfundisha binti wa miaka kama kumi na minne kwenye pedi ya namna hiyo. Simu ilikuwa mezani, programu ya metronomu ikigonga mapigo 60 kwa dakika. Kulia, kushoto, kulia, kulia. Kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Mwalimu hakutazama pedi hata kidogo. Alitazama ncha za vijiti angani. Kijiti cha kulia kilipanda hadi usawa wa kifua, cha kushoto kiliishia chini ya hapo kwa karibu vidole vinne, na kila mara mkono wa kushoto ulipobeba mapigo mawili mfululizo, la pili lilififia. Akamwambia ashushe vyote viwili, apige kwa kimo cha kiganja kimoja kutoka kwenye mpira, taratibu mpaka mlio wa mikono yote miwili ulingane. Ilichukua muda mrefu. Ulipolingana, binti mwenyewe alisikia kabla ya kuambiwa, akacheka. Kosa lile kwenye seti lisingeonekana. Matoazi yangelifunika.

Wapigaji wa duniani kote wamepita njia hiyo. Mwaka 1933 wapigaji wa Marekani waliorodhesha mazoezi 13 ya lazima, na leo orodha ya Percussive Arts Society ina 40; yote yanapigika kwenye ngoma moja. Kitabu cha George Lawrence Stone kiitwacho Stick Control, kilichotoka 1935 na kinachotumika hadi leo, ni kurasa kwa kurasa za mpangilio wa mkono wa kulia na wa kushoto. Hakuna ukurasa unaodai uwe na matoazi manne.

Kupiga taratibu ni ufundi pia, tena mgumu. Sikiliza rumba ya Kikongo au dansi letu la zamani: sehemu ya kuimba, mpigaji anagonga ukingo wa snea kwa adabu, anampisha mwimbaji. Sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, likiingia ndipo anafunguka. Aliyezoea kupiga kwa nguvu tangu mwanzo hana pa kupandia sebene likifika, na hilo nalisikia makanisani karibu kila Jumapili: kwaya inaimba kwa upole, dramu imeshafika kileleni.

Anayemiliki seti tayari, naye ana la kufanya. Tandika kanga mbili juu ya tomu na moja juu ya snea. Ringo Starr alifunika dramu zake kwa vitambaa vya jikoni katika miaka ya mwisho ya Beatles, na alifanya hivyo kwa kuutafuta mlio wenyewe. Jaza dramu ya mguu kwa mto au blanketi linalogusa ngozi zote mbili. Siku hizi zipo ngozi za wavu zinazofungwa mahali pa ngozi za kawaida, na matoazi yaliyotobolewa matundu madogo kote. Ukiviweka vyote viwili, watu wawili wanaweza kuzungumza kando ya seti. Havipatikani kila duka na bei yake si ndogo, lakini ningeshauri fedha ziende huko kabla ya kuongeza tomu ya tatu. Kushusha desibeli 10, kwa masikio ya wengi, ni kama kupunguza kelele kwa nusu.

Dramu za umeme zimesifiwa sana tangu Roland walipotoa V-Drums za kwanza mwaka 1997, na sifa hizo ni za haki: unavaa hedifoni, unapiga. Ila mkaazi wa ghorofa ajue jambo moja. Pedali bado inagonga sakafu, na zege hupeleka mtikisiko huo hadi dari ya wa chini yako. Wapigaji wa miji ya maghorofa hutengeneza jukwaa dogo: mbao mbili pana, katikati yake mipira ya tenisi iliyokaa kwenye matundu yaliyochongwa isibingirike, na seti inasimama juu. Fundi seremala anakutengenezea kwa siku moja. Mwenye nyumba ya chini iliyojengwa juu ya udongo hana haja nalo.

Masikio nayo tunayachezea. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inapendekeza mtu asizidi saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda ukatwe nusu. Fanya hesabu hadi desibeli 100: zinabaki dakika 15. Kijana wetu wa kanisani anapiga ibada inayochukua muda wa saa tatu, spika ya kujisikilizia iko futi mbili kutoka sikioni, na hana kitu masikioni au amejaza pamba, ambayo haisaidii. Lars Ulrich wa Metallica amesema hadharani jinsi anavyoishi na mlio wa masikio usioisha. Mlio huo ukishakaa, mara nyingi hauna dawa ya kuuondoa. Vizibo vya sponji vipo maduka ya dawa na ni rahisi. Vile vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa, ni ghali zaidi, na kanisa linalonunua spika mpya lisishindwe kumnunulia mpigaji wake jozi moja.

Jirani sasa. Mwamba ngoma huvutia kwake: mpigaji anaona anaonewa wivu, jirani anaona anadharauliwa. Kanuni za Tanzania za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinaweka viwango vya mchana na vya chini zaidi kwa usiku, chini ya usimamizi wa baraza la mazingira, NEMC. Kenya wana zao tangu 2009 chini ya mamlaka yao ya mazingira, NEMA. Sheria ipo upande wa aliyelala, na ni haki. Lakini usisubiri ifike huko. Piga hodi kabla ya seti kuingia ndani. Uliza nani ana mtoto mchanga, nani ana mgonjwa, nani ni muuguzi au mlinzi anayelala mchana. Taja saa yako, wape namba yako, na saa ikifika weka vijiti chini hata kama wimbo haujaisha. Nimeona mtaa ukimvumilia kijana kwa miaka kwa sababu kila mtu alijua kwamba saa 12 jioni amenyamaza.

Haya yote yana kikomo, na lazima niseme. Pedi haifundishi mikono na miguu kukubaliana. Haifundishi toazi liguswe vipi lilie bila kupiga kelele, wala jinsi ya kukaa ndani ya bendi na kumsikia mpiga besi. Pedi ya kila siku inahitaji seti halisi walau mara moja kwa wiki, na kijana wa chumba kimoja Manzese hataipata kwao. Si kila mmoja ataweza kwenda chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, pia.

Seti hizo zipo. Ziko katika makanisa yetu, shule zenye bendi na kumbi za jamii, zimefungiwa ndani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, katika majengo ambayo mengi yana uwanja unaoyatenga na nyumba za watu. Hofu ya viongozi naijua: ngozi zitapasuka, vijiti vitaibwa, watoto watavuruga. Hofu hiyo inajibika kwa daftari la majina, mchango mdogo wa ngozi, na mtu mzima mmoja mwenye ufunguo. Wachungaji, wazee wa kanisa, wakuu wa shule: chagueni siku moja ya wiki, saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni, mbali na usingizi wa mtu yeyote, muwafungulie mlango wanaojifunza. Anayekuja na pedi yake mkononi apewe zamu ya kwanza.