MMA, Ngumi na Swali la Nani Apambane na Nani

Sanaa mseto za mapigano, ambazo mashabiki wengi wanazijua kwa herufi tatu tu, MMA, zinakusanya ndani ya pambano moja mambo ambayo zamani kila moja lilikuwa na ulingo wake: ngumi za bondia, mateke na viwiko vya Wathai, mieleka, na kabali za jujitsu. Mpambanaji anaweza kushinda kwa KO, kwa pointi, au kwa kumbana mwenzake mpaka apige kofi kukubali yaishe. Katika muda wa miaka thelathini na ushee mchezo huu umetoka kwenye kupigwa marufuku mpaka kuwa biashara ya mabilioni ya dola, na sasa swali liko mdomoni mwa kila shabiki: je, MMA imezipiku ngumi? Toleo hili limetengwa kwa ajili ya swali hilo. Hoja inayotetewa katika kurasa hizi za mwanzo ni kwamba ukali wa mapigano si siri ya mafanikio ya MMA. Siri yake ni kumjibu shabiki kwa wakati jambo ambalo ngumi zimekuwa zikimzungusha miaka nenda miaka rudi, yaani nani atapambana na nani, na lini. Jibu hilo lina gharama, na kwa sehemu kubwa wanaoilipa ni wapambanaji wenyewe.

Ubishi wa mtindo upi una nguvu kuliko mwingine ni wa siku nyingi. Juni 1976 Muhammad Ali alikwenda Tokyo kupambana na Antonio Inoki, bingwa wa mieleka ya Kijapani. Kwa raundi 15 Inoki alijilaza chini akimchapa Ali mateke ya miguuni, Ali akarusha ngumi za kuhesabika, na pambano likaisha sare huku watu wakizomea. Jibu la wazi lilisubiri mpaka tarehe 12 Novemba 1993 mjini Denver, Marekani, yalipofanyika mashindano ya kwanza ya UFC, kampuni ya mapambano ya MMA. Walioyaandaa, akiwamo Rorion Gracie wa ile familia ya jujitsu kutoka Brazil, waliwakusanya watu wanane wa mitindo mbalimbali katika uzio wa pembe nane. Bondia Art Jimmerson aliingia na glavu moja tu, mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukiwa mtupu. Mbele yake alisimama Royce Gracie, mwembamba, ndani ya vazi jeupe la jujitsu. Gracie alimvaa miguuni, akamwangusha na kumkalia kifuani. Kabla dakika mbili na nusu hazijatimia, Jimmerson alikuwa amekubali kushindwa, na ngumi yoyote ya maana hajaipiga. Usiku huohuo Gracie alishinda mapambano matatu na kutwaa ubingwa.

Somo la Denver lilikuwa la kiufundi. Bondia amefunzwa kupigana akiwa wima, na kila anachokijua, kuanzia hatua za miguu mpaka kukwepa kwa kiwiliwili, kinategemea sheria inayomzuia mpinzani asimshike. Sheria hiyo ikiondolewa, umahiri wake mwingi unakwenda nayo. James Toney, bingwa wa dunia katika zaidi ya uzito mmoja, alilionja hilo mjini Boston mwaka 2010, alipoangushwa na Randy Couture na kukabwa ndani ya raundi ya kwanza. Mizani ni ileile kwa upande wa pili: Conor McGregor, nyota mkubwa kuliko wote wa UFC, aliingia katika ulingo wa ngumi Agosti 2017 kupambana na Floyd Mayweather na akasimamishwa raundi ya 10. Kwa hiyo kubishana ni mchezo upi ungeushinda mwenzake ni kupoteza muda, maana kila mmoja unashinda nyumbani kwake.

Miaka ya mwanzo UFC ilijiuza kama mapigano yasiyo na sheria, na nusura tangazo hilo liiue yenyewe. Mwaka 1996 Seneta John McCain, shabiki mkubwa wa ngumi, aliwaandikia magavana wa majimbo yote ya Marekani akiufananisha mchezo huo na kupiganisha majogoo, na majimbo 36 yakaupiga marufuku. Kilichouokoa ni kanuni. New Jersey ndiyo iliyoongoza katika kuandika kanuni za pamoja: uzito ukagawanywa, glavu zikawa lazima, raundi zikawekewa dakika tano tano, na kupiga nyuma ya kichwa kukakatazwa. Januari 2001 ndugu wawili wenye biashara ya kasino, Frank na Lorenzo Fertitta, waliinunua UFC kwa dola milioni 2 na kumkabidhi Dana White uendeshaji wake. Mwaka 2005, baada ya hasara ya miaka kadhaa, walianzisha kipindi cha televisheni cha kuwafuatilia wapambanaji chipukizi wakiishi nyumba moja. Fainali yake, Forrest Griffin dhidi ya Stephan Bonnar, iliwafanya watazamaji wapigiane simu kuambiana wafungue televisheni, na kampuni ikavuka. Mwaka 2016 iliuzwa kwa takriban dola bilioni 4. Mwaka 2025 ilitia saini mkataba wa matangazo na Paramount wa dola bilioni 7.7 kwa miaka saba kuanzia 2026, na kwa mkataba huo mtazamaji wa Marekani akaondokana na kulipia kila pambano kubwa peke yake.

Hapa ndipo mchezo wa ngumi unapopaswa kujitazama. Mazungumzo ya pambano la Mayweather na Manny Pacquiao yalianza mwaka 2009, wote wawili wakiwa kwenye kilele. Wakagombana juu ya vipimo vya damu, mapromota wao wakagombana, na televisheni zilizokuwa na mikataba nao nazo zikavutana. Walipokutana Mei 2015 Pacquiao alikuwa na miaka 36 na Mayweather 38. Pambano lilinunuliwa mara milioni 4.6 na kuvunja rekodi zote za mauzo, lakini waliolipa waliona mabaki ya kile walichokuwa wakikisubiri. Huo si mkosi wa mara moja, ndivyo ngumi zilivyoundwa. Kuna mashirika manne makubwa yanayotoa mikanda, WBA, WBC, IBF na WBO, na madaraja ya uzito yasiyopungua 17, hivyo wanaume peke yao wanaweza kuwa na nafasi 68 za ubingwa wa dunia kwa wakati mmoja. Kila promota anamlinda bondia wake asipoteze rekodi safi, kwa kuwa rekodi ndiyo bidhaa. Oleksandr Usyk alipomshinda Tyson Fury mjini Riyadh Mei 2024, alikuwa bingwa wa kwanza wa uzito wa juu kushika mikanda yote tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Hata miezi miwili haikupita kabla hajauachia mkanda wa IBF, kwa kuwa mkataba ulimfunga kurudiana na Fury wakati shirika hilo likimtaka apambane na mwingine. Shabiki aliyengoja robo karne alipewa bingwa mmoja kwa wiki chache tu.

UFC ina madaraja manane ya uzito kwa wanaume, mkanda mmoja kwa kila uzito, na ofisi moja inayoamua. Huwa inatoa mkanda wa muda bingwa akiumia, na mara nyingine hata pasipo sababu ya kuridhisha, lakini mshindani namba moja hangoji miaka mitano. Kupoteza pambano nako hakumfuti mtu. Mpambanaji mwenye vipigo vinne au vitano katika rekodi yake bado anaweza kuwa kipenzi cha mashabiki na kupewa nafasi ya ubingwa, na hivyo wakubwa hawana sababu ya kukwepana. Jambo hili moja, pengine kuliko kabali na viwiko vyote, ndilo lililowavuta waliochoka kungoja.

Usalama unahitaji maneno machache, kwa sababu dhana iliyozoeleka ina kasoro. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, uliotolewa mwaka 2015, uligundua kwamba wapambanaji wa MMA walipata majeraha kwa asilimia 59.4 na mabondia asilimia 49.8. Kwenye kupoteza fahamu hali iligeuka: mabondia asilimia 7.1, MMA asilimia 4.2. MMA inachana ngozi na kuvunja mikono, wakati ngumi zinakitafuta kichwa raundi 12, na bondia akidondoka anahesabiwa, anainuka, anapigwa tena. Afrika Mashariki inajua maana yake. Robert Wangila, Mkenya aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas Julai 1994 kwa majeraha ya kichwa aliyoyapata ulingoni. Haifuati kwamba MMA ni salama, ila anayeikataa kwa hoja ya damu ajue kwamba damu si kipimo cha hatari.

Sasa gharama. Ofisi moja inayoamua nani apambane na nani ndiyo hiyohiyo inayoamua nani alipwe nini. Mwaka 2014 Cung Le na wenzake waliishtaki kampuni iliyomiliki UFC kwa kuhodhi soko, na nyaraka za kesi zilionyesha kwamba wapambanaji walikuwa wakigawana chini ya asilimia 20 ya mapato. Wachezaji wa ligi ya kikapu ya NBA, wenye chama chao, wanapata karibu nusu, na katika mapambano makubwa ya ngumi mabondia wenyewe huchukua zaidi ya nusu. Kesi ilimalizwa kwa fidia ya dola milioni 375, iliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2025. Ni kweli kwamba bondia wa pambano la utangulizi naye hulipwa kiduchu, pengine kisichofidia hata gharama za kambi. Tofauti ni kwamba bingwa wa ngumi ana mapromota kadhaa wa kuwashindanisha, na bingwa wa UFC hana.

Maisha ya Francis Ngannou yanaieleza tofauti hiyo kuliko jedwali lolote la mahesabu. Alizaliwa Batié, magharibi mwa Kamerun, na utotoni alichimba mchanga machimboni. Ndoto yake ilikuwa ngumi. Alivuka jangwa, akahangaika Morocco, akawekwa kizuizini Hispania, na alipofika Paris alilala nje. Huko ndiko alikoshawishiwa ajaribu MMA. Machi 2021 alimwangusha Stipe Miocic na kuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC. Pambano lake la mwisho huko, Januari 2022, alitetea mkanda kwa malipo yaliyotangazwa ya dola 600,000. Akataka bima ya afya kwa wapambanaji, uhuru wa kuwa na wadhamini wake na nafasi ya kupigana ngumi. Akanyimwa, akaondoka Januari 2023 mkanda ukiwa bado wake. Oktoba mwaka huo, mjini Riyadh, alimdondosha Tyson Fury raundi ya tatu na kushindwa kwa pointi zilizowagawa majaji. Kwa maelezo yake mwenyewe, usiku ule mmoja ulimlipa kuliko mapambano yake yote ya UFC. Miezi michache baadaye Anthony Joshua alimzimisha raundi ya pili, na hilo nalo ni sehemu ya ukweli: ngumi zilimlipa vizuri, hazikumwonea huruma.

Ndiyo maana ni mapema kuziimbia ngumi wimbo wa maziko. Pambano la MMA lililouzwa kuliko yote, Khabib Nurmagomedov dhidi ya McGregor mwaka 2018, lilinunuliwa mara milioni 2.4, karibu nusu tu ya lile la Mayweather na Pacquiao. Septemba 2025 Canelo Álvarez na Terence Crawford waliwavuta zaidi ya watu 70,000 katika uwanja mmoja Las Vegas. Ngumi zimo Olimpiki na zitakuwamo Los Angeles 2028, na MMA bado haijaingia. Ngumi zinashinda usiku mmoja mmoja. MMA inashinda kalenda ya mwaka mzima.

Kwa Afrika Mashariki mizani bado imelalia upande wa ngumi, na sababu ziko wazi. Gunia lililojazwa vitambaa, jozi chache za glavu na kocha mmoja aliyewahi kupigana vinatosha kuanzisha klabu ya mtaani. MMA inadai magodoro ya sakafuni, mwalimu wa mieleka na mwalimu wa jujitsu, na watu hao ni wachache. Hadhira nayo ipo. Hassan Mwakinyo wa Tanga alipomsimamisha Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili mjini Birmingham, Septemba 2018, ngumi za Tanzania zilirudi kwenye mazungumzo ya vijiweni. Zanzibar, zilikopigwa marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964, ziliruhusiwa tena mwaka 2022. Hata hivyo MMA inabisha hodi. Israel Adesanya na Kamaru Usman, wazaliwa wa Nigeria, wameshakuwa mabingwa wa UFC, Dricus du Plessis wa Afrika Kusini akawafuata mwaka 2024, na mwaka 2025 kampuni ya PFL ilianzisha ligi ya Afrika ambayo Kigali ilikuwa miongoni mwa vituo vyake.

Wenye UFC wenyewe sasa wamegeukia ngumi. Kampuni mama yake, TKO, ilitangaza mwaka 2025 kuingia katika mchezo huo kwa fedha za Saudi Arabia. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali inamlazimisha promota wa ngumi amfichulie bondia mapato ya pambano lake, na MMA haimo ndani yake. Mswada uliopelekwa katika Bunge la nchi hiyo mwaka 2025 ungeruhusu kampuni moja kuandaa mapambano, kupanga orodha ya viwango na kutoa mikanda yake yenyewe, yaani mfumo wa UFC ndani ya ulingo wa ngumi.

Katika mfumo huo, upangaji wa mapambano na mamlaka juu ya malipo vinaweza kutenganishwa. Kamisheni za ngumi za kulipwa za Tanzania, Kenya na Uganda zinaweza kuchukua nidhamu ya MMA bila kuchukua mikataba yake: zitoe hadharani orodha ya viwango kwa kila uzito, zimpe bingwa wa taifa muda maalumu wa kumkabili mshindani wa kwanza, na zimvue mkanda akikwepa. Sambamba na hilo zimdai promota aonyeshe mapato ya mlangoni, ya televisheni na ya wadhamini kabla bondia hajatia saini. Pa kuanzia ni mikataba ya mapambano ya utangulizi, yale ya raundi nne, kwa sababu huko ndiko kijana anakosaini karatasi asiyoisoma, bila wakili, jioni ya kupima uzito.