Simu ikijaa, usianze kufuta ushahidi

Wandugu, simu ya giga 16 inajaa mbio. Ikijaa, wengi wetu tunafanya nini? Tunafungua galeri, tunatafuta foto nzito, tunafuta. Na foto nzito karibu kila mara njo zile tulizopiga wenyewe kwa kamera: nyumba iliyochomwa, daraja lililoanguka, shamba la watu waliokimbia. Zile za "bonjour" na vichekesho vya kundi la WhatsApp zinabakia.

Hiyo si mambo ya teknolojia tu. Mwezi wa 9 mwaka 2018, mahakama ya kijeshi Bukavu iliwahukumu wakubwa wawili wa FDLR juu ya mauaji ya 2012 pale Kamananga na Lumenje, teritware ya Kalehe. Kati ya ushahidi kulikuwa foto za simu, zilizopigwa na programu eyeWitness, yenye kuandika saa na fasi foto imepigwa. Kutoka mauaji mpaka hukumu: miaka sita! Kijana wa Ntoto, pale Masisi inagusana na Walikale, akipiga foto leo, nani anajua jaji ataiomba mwaka gani?

Sasa anza hivi. Kwa paramètres za simu, fungua galeri, bonyeza "Vider le cache". Unatoa tu vile vifoto vidogo ambavyo simu inajitengenezea ili ifungue haraka. Foto yako haiguswi. Lakini angalia vizuri: kando yake kuna "Effacer les données". Ile ukiibonyeza kwa WhatsApp, mazungumzo yanaenda.

Kashe itajaa tena, haina dawa. Mwizi mkubwa wa nafasi ni WhatsApp, yenye kupakua kila kitu bila kukuuliza. Zima ile ya kupakua yenyewe, kisha ingia "Gérer le stockage" ufute video zilizotumwa mara elfu. Kisha angalia corbeille ya galeri: foto iliyofutwa ingali inakula nafasi mle. Pengine utakuta moja ya maana.

Tena, ukituma foto ya ushahidi kwa WhatsApp kama foto ya kawaida, inabanwa, na alama za saa na fasi zinatoka. Itume kama "Document". Ile ya asili iweke kwa kadi ya memori, kadi ibakie fasi salama, juu kupita barrière na foto kama zile mfukoni ni kujitafutia shida.

Na kadi, nani atanunua? Siwezi kumwomba mtu wa Ntoto aliyekimbia na watoto. Sisi wa mjini tunachanga pesa ya tishati na banderole kila mara. Mchango unaofuata uwe wa kadi za memori, hata kumi tu.

Mimi niko na diplome ya informatique, kazi sina, wakati njo ninao. Mwenye kutaka kuonyeshwa alete simu, na chaji yake.