Sigara ya umeme: mteja ndiye fundi, mapafu yake ndiyo gereji

Leo nina dukuduku na nitalitoa lote. Asiyependa moshi asogee kidogo, upepo wa Singida utamsaidia.

Nazungumzia sigara ya umeme, ile vijana wa mjini wanaiita vepu. Zamani ilikuwa kitu cha kuona kwenye video za wasanii. Siku hizi unaikuta kwenye meza ya chaja na kava za simu, imelala katikati ya spika za bluetooth na taa za rangi. Muuzaji anakuuliza rangi unayotaka. Hakuulizi umri na hakuambii ndani kuna nini. Ukimuuliza nikotini kiasi gani anakujibu, "Hii ni ya strawberi, kaka." Haya bwana!

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili tusizungushane. Kifaa kinachopika kemikali na kuzipeleka moja kwa moja kwenye mapafu hakiwezi kuuzwa kama kava la simu. Kikiharibika, mteja asigeuzwe fundi. Anayekiingiza nchini ajulikane kwa jina na anuani, na wakubwa waamue moja: kidhibitiwe kwelikweli au kipigwe marufuku. Hali hii ya katikati, ya kinauzwa na hakina mwenyewe, ni mbaya kuliko zote mbili.

Kwa wasioijua, mashine yenyewe si uchawi. Kuna betri ya lithiamu, ndugu wa ile ya simu yako. Kuna koili, yaani waya mdogo unaopata moto. Kuna pamba inayonyonya kimiminika na kukifikisha kwenye koili. Na kuna katriji au tangi linalobeba kimiminika hicho, ambacho kwa kawaida ni propilini glaikoli, gliserini, nikotini na vionjo. Unavuta, koili inapata moto, kimiminika kinageuka mvuke mzito, unameza. Sigara ya kawaida inachoma tumbaku, hii inachemsha kimiminika. Basi.

Kifaa chenye vitu vinne tu, lakini matatizo yake yanajaza daftari. Mimi nilinunua kimoja kwa shilingi 45,000 ili niachane na pakiti. Ndani ya wiki tatu nilikuwa nimejifunza ufundi ambao sikuuombea. Nitayataja moja moja, kwa sababu najua kuna wenzangu wanahangaika nayo kimyakimya.

Kwanza, KUVUJA. Unatoa kifaa mfukoni, suruali imelowa na vidole vinanata. Muuzaji atakwambia umejaza kupita kiasi. Mara nyingine ni kweli. Lakini hebu tutumie elimu ya sekondari kidogo. Katriji imejazwa Dar es Salaam, usawa wa bahari. Imepanda basi, ikapita Morogoro, ikapita Dodoma, ikafika kwetu kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa imepungua kama sehemu moja ya sita. Hewa iliyofungiwa ndani ya katriji inatanuka na kusukuma kimiminika kitafute njia ya kutoka. Kama hamuamini, tazameni pakiti ya krispi iliyofungwa Dar inavyovimba ikifika huku. Ongeza joto la ndani ya basi, linalokifanya kimiminika kiwe chepesi, na kipira cha kuzuia uvujaji ambacho ni cha bei ya chini kuliko bei ya chini yenyewe. Hapo kosa la mteja liko wapi?

Na kinachovuja si soda. Ni nikotini, na nikotini inapita kwenye ngozi. Wakulima wa tumbaku kwa majirani zetu wa Tabora hawahitaji kufundishwa na mimi. Anayevuna majani mabichi yakiwa na umande anaweza kushikwa na kizunguzungu na kutapika bila kuvuta hata pafu moja. Sasa fikiria kichupa kisicho na kifuniko cha kumzuia mtoto, chenye picha ya pipi na harufu ya embe, kimeachwa juu ya stuli sebuleni.

Pili, LADHA YA KUUNGUA. Unavuta, koo linawaka kama umelamba jivu. Maana yake pamba imekauka na koili inachoma pamba yenyewe. Inawezekana kimiminika kimekwisha. Inawezekana kina gliserini nyingi, ni kizito, na vitundu vya pamba havikipitishi haraka. Inawezekana koili imeshakufa, maana koili ni kitu cha kubadilishwa kila baada ya muda, kama pulagi ya pikipiki. Je, koili ya kubadilisha inapatikana wapi Singida? Nimezunguka Soko Kuu hadi stendi ya Misuna, jibu ni lilelile: "Hizo hatuleti, nunua nyingine nzima."

Angalieni biashara hiyo. Bodaboda wako ni wa Kichina lakini pulagi yake utaipata hadi Mkalama. Simu yako ni ya Kichina, kioo chake utakipata Kiomboi. Hii inayoingia kifuani ndiyo haina spea!

Tatu, BETRI. Inakataa kuchaji, au inachaji usiku kucha na kuisha kabla ya chai ya saa nne. Nyingine inajiwasha yenyewe, kwa sababu kidude kinachohisi hewa unapovuta kimejaa vumbi, na vumbi letu mnalijua. Fundi simu anakuchekea, anaifungua kwa bisibisi na kuipima. Betri ya namna hii ikijaa inafika volti 4.2, na inahitaji sakiti ya kuizuia isipite hapo. Kwenye mashine za bei chee sakiti hiyo ndiyo kitu cha kwanza kuachwa. Mwaka 2018 huko Florida, Marekani, mtu mmoja alikufa baada ya kifaa chake kulipuka. Tangu 2015 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekataza vifaa hivi kuwekwa kwenye mizigo inayopakiwa tumboni mwa ndege, kwa kuogopa moto. Sisi vinasafiri kwenye buti la basi, chini ya abiria sitini, katikati ya magunia na ndoo.

Nne, na hapa naomba msikilize vizuri, KUJAZA UPYA. Katriji ikiisha na mpya hakuna, Mtanzania hakosi akili. Kama stationery wanavyojaza wino wa printa kwa sindano, na vijana nao wanachukua bomba la sindano, wanatoboa, wanajaza. Wanajaza nini? Kimiminika cha kwenye vichupa visivyo na jina la mtengenezaji, kingine kimechanganywa na mtu chumbani kwake. Na kuna wanaoulizana kama mafuta nayo yanafaa, kwa kuwa kile cha dukani "kinaonekana kama mafuta".

HAPANA! Huu ni mkoa wa alizeti, mafuta tunayo ya kumwaga, na ndiyo maana nasema kwa sauti. Gliserini na glaikoli si mafuta ya kupikia, zinachanganyika na maji. Mafuta hayachanganyiki na maji, na mapafu hayana namna ya kuyayeyusha. Ukiyavuta yakiwa mvuke yanabaki humo na kuleta nimonia ya mafuta. Wamarekani walijifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 2019 watu walianza kufurika hospitali wakiwa hawawezi kupumua. Hadi Februari 2020 walihesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Uchunguzi ulielekeza kidole zaidi kwenye katriji za bangi za mitaani zilizotiwa vitamini E asetati, yaani mafuta. Wajazaji wa mitaani waliitumia kuongezea uzito ili mali ionekane nzuri. Hiyo ni nchi yenye maabara kila kona. Sisi tukipata wagonjwa kumi wa namna hiyo, nani atauliza walikuwa wanavuta nini?

Sasa tuje kwenye jibu ambalo linanichefua kuliko yote: "Umetumia vibaya."

Ikivuja, umetumia vibaya. Ikiungua, umetumia vibaya. Betri ikifa, chaja yako mbovu. Maelekezo yaliyomo kwenye boksi ni karatasi ndogo kama tiketi ya daladala, yameandikwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. Kiswahili hakuna hata neno moja. Unamwonya mtu kwa lugha asiyoisoma, halafu unamlaumu kwa kutokutii! Na ukidai fedha unaonyeshwa yale maandishi yetu maarufu ya kwenye risiti, kama hata risiti umepewa: mali ikishauzwa hairudishwi.

Wadau, kuna kitu kuhusu mwaka 2003. Mwaka huo Bunge letu lilitunga Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku, inayokataza pamoja na mengine kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Mwaka huohuo tukapata Sheria ya Ushindani, iliyozaa Tume ya Ushindani, FCC, na kuweka ulinzi wa mlaji. Na mwaka huohuo huko China, mfamasia Hon Lik akabuni sigara ya umeme ya kisasa. Yaani sheria na kifaa ni pacha. Kifaa kimekua, kimebadilisha sura mara nyingi, kimefika mpaka Misuna. Sheria ilitungwa na watu waliokuwa wanafikiria pakiti na kiberiti.

Taasisi si kwamba hatuna. TBS wapo kwa ajili ya viwango. FCC wapo kwa ajili ya bidhaa bandia na haki za mlaji. TMDA walikabidhiwa udhibiti wa bidhaa za tumbaku mwaka 2021. Wote hao wakikutana kwenye meza moja ya chaja, sioni kwa nini mteja abaki peke yake na bisibisi mkononi. Kama kuna kiwango, alama yake iwe kwenye boksi ninalouziwa. Boksi likikosa alama na jina la mwagizaji, liondolewe mezani. Si lazima kuunda kamati ya kwenda semina Arusha.

Najua nitajibiwa na pande mbili.

Wa kwanza watasema, "Hizi zinasaidia kuacha sigara, Uingereza wenyewe wanazitumia." Ni kweli, na sibishi. Mapitio ya tafiti ya Cochrane yanaonyesha kwamba zenye nikotini zinawasaidia wavutaji kuacha kuliko viraka na bazoka za nikotini. Lakini tusome mpaka mwisho. Huko Uingereza tangi haliruhusiwi kuzidi mililita 2, kichupa cha kujazia mililita 10, na nikotini miligramu 20 kwa mililita. Kichupa lazima kimshinde mtoto kufungua na kisivuje wakati wa kujaza. Kila bidhaa inaandikishwa serikalini kabla ya kuuzwa. Na hata wao, tarehe 1 Juni 2025 walipiga marufuku zile za kutumia na kutupa. Faida waliyoipima ni ya bidhaa zilizodhibitiwa. Huwezi kuchukua utafiti wa London ukaubandika kwenye boksi lisilo na jina. Utafiti hausafiri na kontena.

Wa pili watasema, "Pigeni marufuku, tumalize." Uganda walifanya hivyo katika sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015. Hiyo ni njia, na ina heshima yake, kwa sababu angalau msimamo unajulikana. Kenya wao walishika kodi: sheria yao ya ushuru ya 2015 iliweka shilingi zao 3,000 kwa kifaa na 2,000 kwa kila katriji. Ila ukiongeza bei ya katriji bila kuweka kiwango cha kujazia, unamfundisha mvutaji kujaza ileile mara kumi kwa sindano. Kodi peke yake si ulinzi. Marufuku nayo, kama haifiki mezani kwa muuzaji, ni tangazo tu.

Mimi nachagua udhibiti, na sababu yangu ni mvutaji. Yupo mtu wa miaka hamsini hapa Singida, kifua kinapiga filimbi, anataka kweli kuachana na pakiti. Anajikusanya, ananunua kifaa kwa bei ya gunia la mahindi. Wiki ya pili kinavuja, wiki ya tatu kinaungua, wiki ya nne yuko kibandani ananunua fegi moja moja. Kaibiwa pesa, na kaibiwa nafasi yake ya kuacha. Hiyo nafasi haiji kila mwaka. Upande wa pili yuko kijana wa kidato cha tatu ambaye hajawahi kushika sigara, ananunua strawberi bila kuulizwa. Mfumo wetu wa sasa unamwangusha yule mzee na kumkaribisha huyu mtoto kwa mpigo mmoja. Hata ukikaa chini kupanga kufanya vibaya, usingepata mpango mzuri kuliko huo.

Kwa hiyo nataka vitu vinne, na havina gharama ya kutisha. Jina la mwagizaji juu ya boksi. Kiwango cha nikotini na onyo kwa Kiswahili. Koili na katriji halisi ziuzwe palepale kinapouzwa kifaa, au kifaa kisiuzwe. Na muuzaji aulize umri, akikiuka anyang'anywe leseni.

Wakati tunasubiri, nyie mnaotumia: msijaze mafuta ya aina yoyote, msilale betri ikiwa kwenye chaja, na kichupa kikae mbali na watoto kama mnavyoficha sumu ya panya. Kikipata ladha ya kuungua, acheni kuvuta.

Na wewe uliyeniambia "umetumia vibaya", nilikuwa navuta tu. Ndiyo matumizi yake!

Naomba kuwasilisha.