Ruta nayo ni mlango



Juma lililopita shemeji yangu aishiye Ifo alinipigia simu. Ana duksi ndogo nyuma ya ua wake, na masomo ya wasichana yamehifadhiwa humo katika kompyuta. “Shemeji,” akasema, “nikiwa nyumbani siyapati masomo ya duksi. Kijana aliyetufungia mtandao asema atarekebisha akiwa Garissa. Yuaingiaje nyumbani kwangu naye yuko Garissa?”

Swali lile la mwisho ndilo lililoninyima usingizi.

Kumbe kijana aliisajili ruta kwa akaunti yake mwenyewe, ndani ya programu ya simu. Mwenye akaunti, popote alipo, huona ni vifaa gani vimeunganishwa na saa ngapi, na aweza kubadili neno la siri bila ya wenyewe kujua. Sisemi kwamba yasoma barua zao, wala simdhanii vibaya. Lakini Surat an-Nur imetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na huyu alikuwa akiingia bila hodi.

Nikamwambia shemeji: kwanza kijana aiondoe ruta katika akaunti yake, kwani kwa baadhi ya aina, kuifuta ruta peke yake hakumvui mwenye akaunti. Kisha yaandikwe matayarisho ya kampuni ya intaneti, ndipo tundu dogo la nyuma libonyezwe kwa sindano kama sekunde kumi. Ruta hurudi kama ilivyotoka dukani. Baada ya hapo, neno la siri la usimamizi libadilishwe, nalo si lile la Wi-Fi. (Mimi nilitumia neno moja kwa yote mawili miaka mingi, Mungu anisamehe.) Na ile sehemu ya kusimamia ruta kutoka nje ifungwe.

Ikabaki duksi. Ruta mbili zilitoka dukani na anwani moja, 192.168.1.1, kama nyumba mbili zenye nambari moja katika mtaa mmoja. Ya duksi tukaihamishia 192.168.20.1 kwa upande wake wa ndani, na upande unaotazama nyumbani tukaupa 192.168.1.2 isiyobadilika. Hapo ruta ya duksi yaijua nyumba, kwa kuwa mguu wake mmoja uko huko. Ya nyumbani haiijui duksi, na ujumbe usioujua njia yake huutupa nje kwa kampuni, ukapotea. Ndiyo maana huandikiwa njia ya kudumu yenye mambo matatu: mwendako ni 192.168.20.0, maski ni 255.255.255.0, na lango ni 192.168.1.2. Lango lazima liwe upande wa nyumbani. Wengi hukosea hapo, huandika anwani ya ndani ya duksi. Nayo ruta ya duksi iwekwe katika hali ya kupitisha, maana ikiendelea kuficha vifaa vyake na kuwazuia wageni, msafara utaishia mlangoni.

Maradhi haya Dadaab iliwahi kuyaona kwa ukubwa. Mashirika ya misaada yalitegemea satelaiti, na ujumbe wa kwenda ofisi jirani ulipanda kilomita zipatazo 36,000 angani, ukashuka, ndipo ukamfikia mtu aliye ng’ambo ya uzio. Wakati wa njaa ya 2011 na mwaka uliofuata, NetHope, Inveneo na Cisco zilisaidia kujenga mtandao wa ndani ulioitwa DadaabNet, ili jirani afikiwe kwa njia ya jirani.

Magharibi shemeji akanitumia ujumbe: masomo yafunguka. Kijana naye alikuwa amepiga simu akilalamika kwamba haingii tena. Akamjibu aje Ijumaa baada ya sala, na mumewe atakuwepo.