Bei ya petroli ni mshahara wa baharia wa Kilwa

KUTOKA MWAMBAO
Na Somoe Mbonde

Boti ya uvuvi ikirudi Kilwa Kivinje au Somanga na samaki wakishauzwa, fedha haziendi kwanza kwa waliokesha baharini. Kwanza hutolewa mafuta. Hutolewa barafu, hutolewa chakula cha safari, na kama nyavu zilichanika hutolewa uzi. Kinachobaki ndicho mgawo: tajiri mwenye chombo na mashine anachukua fungu lake, nahodha lake, kisha mabaharia wanagawana lililosalia. Taratibu hutofautiana kijiji kwa kijiji na chombo kwa chombo, lakini popote pale mafuta hayangoji zamu. Petroli ikipanda, tajiri hampunguzii baharia mshahara kwa kauli. Hesabu yenyewe inampunguzia, mchangani, mbele ya macho yake.

Naanza na hesabu hii kwa sababu huko Dodoma bei ya nishati ina wizara yake na ujira una wizara yake, na kila moja ina hotuba yake. Huku kwetu ni kitu kimoja. Serikali iliyoapishwa Novemba 2025 ikivishughulikia kama vitu viwili, itavikosa vyote.

Kuhusu ujira, yapo mambo yaliyofanyika na ni haki kuyataja. Mei Mosi ya 2025, pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai. Oktoba ikaja amri ya sekta binafsi: wastani wa kima cha chini ukapanda kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322, kuanzia Januari mosi 2026. Ni nyongeza za karibu theluthi kila moja, na mwalimu wa Nangurukuru au muuguzi wa hospitali ya Kinyonga ameiona mfukoni. Nawapongeza waliopigania.

Lakini hebu tutembee kidogo nje ya ofisi. Baharia hana mkataba. Anayevuna chumvi kwenye mashamba ya mwambao analipwa kwa alichovuna. Anayepalilia ufuta Kiranjeranje analipwa kwa ngwe, na ngwe ina bei wanayokubaliana asubuhi hiyo wakiwa wamesimama shambani. Saidia fundi wa Kilwa Masoko analipwa jioni, na umeme ukikatika saa nne asubuhi mashine ya kuchomelea ikazima, anarudi kwao bila kitu. Hao ndio wengi wetu. Amri ya kima cha chini imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mwajiri anayejulikana na mwezi unaohesabika, na huku mwezi kama huo wanao wachache.

Kwa hiyo kwa watu hawa nyongeza ya kweli haiwezi kuja kwa njia ya hundi. Inaweza kuja kwa njia ya gharama. Na gharama kubwa kuliko zote katika kazi zao ni nishati: petroli ya boti, umeme wa karakana, mkaa wa mama ntilie, barafu ya samaki.

Hapo ndipo uchungu wa Kilwa ulipo. Gesi ya kwanza kugunduliwa nchini iligunduliwa hapa, Songo Songo, mwaka 1974. Tangu 2004 inasafiri kwa bomba, kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga na kilomita 207 nchi kavu hadi Dar es Salaam, ikawashe mitambo ya Ubungo na viwanda vya jiji. Mwaka 2015 likaja bomba kubwa kutoka Madimba, Mtwara, nalo likapita katikati ya vijiji vyetu kwenda Kinyerezi. Kaskazini yetu, ukishavuka mpaka wa wilaya, Bwawa la Nyerere linafua megawati 2,115, na umeme wake unaelekea Chalinze. Kwa miaka mingi mji wa Kilwa umekuwa ukiitegemea Somanga Fungu, kituo kidogo cha umeme wa gesi cha megawati 7.5, ambacho mashine zake zikichoka wilaya nzima inajua.

Sisemi gesi isiende Dar es Salaam. Nchi ni moja, na ghasia za Mtwara za 2013 juu ya bomba la gesi zilitufundisha sote kwa damu kinachotokea watu wanapohisi mali inapita juu ya vichwa vyao. Ninachosema ni kwamba bajaji ya Dar es Salaam leo inajaza gesi asilia iliyotoka chini ya bahari yetu na dereva wake anaokoa fedha kila siku, huku bajaji ya Masoko ikiendelea na petroli iliyoshushwa melini. Hata mtungi tunaohimizwa tuutumie kupikia, katika mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034, haukujazwa gesi ya Songo Songo. Gesi ya mtungini inaagizwa nje. Ya kwetu haijazwi kwenye mitungi hiyo, inahitaji bomba hadi jikoni. Na bomba hadi jikoni linawezekana, kwa sababu pale Mnazi Mmoja, Lindi, mradi wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na shirika la umma la petroli, TPDC, ulipangwa kufikia nyumba 209. Nyumba 209 katika mkoa mzima uliozaa gesi! Ni mwanzo mzuri, na ni aibu ukiishia hapo.

Serikali hii ina bahati ambayo zilizotangulia hazikuwa nayo. Leseni ya uzalishaji ya Songo Songo, ya miaka 25 tangu 2001, inafika ukomo Oktoba 2026. Uendeshaji ubaki kwa kampuni ya PanAfrican Energy au uende mikononi mwa TPDC yenyewe, hilo wataalamu wabishane. Mimi nataka kujua kitakachoandikwa kwa ajili ya Kilwa kabla wino haujakauka. Umeme wa uhakika wa kuendesha mitambo ya barafu. Tawi la bomba hadi Masoko. Kituo cha gesi ya magari Nangurukuru, mahali ambapo kila basi la kusini linapita. Haya si mambo ya kuomba baadaye kama hisani ya kampuni, kisima kimoja hapa na madawati arobaini pale. Yaandikwe kama masharti.

Sasa niguse lawama ambayo msimu wa ufuta haupiti bila kuisikia: vibarua hawapatikani, vijana hawataki kazi. Wenye mashamba wanalalamika kweli, na hasara yao ni ya kweli. Ufuta ukikomaa haungoji, ukichelewa kuukata vitumba vinapasuka na mbegu zinamwagika. Vijana wako wapi? Wako Mbagala na Kariakoo, wanauza viatu juani. Wengine wako hapa hapa, juu ya bodaboda ya mkataba. Tunaambiwa wamekuwa wavivu.

Lawama hii ina umri mkubwa katika ardhi hii. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani, chini ya Gavana von Götzen, ilikuwa na shida ileile: koloni linataka pamba, wenyeji hawajitokezi kuilima. Ikaamriwa kila jumbe awe na shamba la pamba na watu walifanye kazi kwa zamu, siku 28 kwa mwaka. Mapato yalikatwa mafungu matatu, moja la wafanyakazi, moja la jumbe, moja la halmashauri ya boma. Fungu la wafanyakazi lilipogawanywa kwa watu wote, mahali pengine mtu aliambulia senti 35 kwa jasho la mwaka mzima, na wapo waliokataa hata kuzipokea. Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, pale Nandete, watu wakaingia shambani wakaing'oa miche ya pamba. Nandete ipo mpaka leo ndani ya wilaya hii. Tunaposimulia vita vya Majimaji vilivyoanzia hapo tunasimulia sana maji ya mganga Kinjekitile na risasi za Wajerumani, na ni sawa, lakini mimi nikifika kwenye habari hizi nasimama kwenye zile senti 35. Boma liliandika kwamba watu ni wavivu. Watu walikuwa wamepiga hesabu.

Miaka ya arobaini ikawa hivyo hivyo upande wa Lindi. Serikali mpya ya chama cha Labour iliyoingia London mwaka 1945 ilikuta nchi yake haina mafuta ya kula ya kutosha, ikaja na mpango wa karanga hadi Nachingwea. Ikajenga reli kutoka Mkwaya na bomba la mafuta, ikawatafuta vibarua kila kona, na wenye mashamba ya mkonge wa Lindi wakalia kwamba wanaporwa watu. Walichokiogopa ni mshahara kupanda. Karanga zenyewe hazikuota kama ilivyotarajiwa na mradi ukavunjwa mwaka 1951.

Kijana wa 2026 naye anapiga hesabu. Ngwe ya ufuta inamlipa kiasi fulani, ukitoa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi kutoka shambani, ambayo nayo ni petroli, na ukitoa chakula kilichopikwa kwa mkaa uliopanda bei, anabaki na fedha isiyomfikisha kesho. Kariakoo ina dhiki yake, lakini ina uwezekano. Kumwita mvivu ni kukataa kuisoma hesabu yake. Na baada ya Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi iliyoacha misiba katika nyumba za Watanzania, sidhani kama kuna kiongozi anayeweza kumudu kutowasikiliza vijana. Kuundwa kwa ofisi ya maendeleo ya vijana chini ya Rais ni hatua. Nitaipima kwa kile kitakachofika Pande, Mandawa na Kipatimu.

Ahadi tumeshazizoea. Pale Likong'o, Lindi, watu walipisha mradi wa gesi ya kusindika, na fidia ikalipwa mwaka 2020 baada ya kungoja miaka. Juni 2022 yakasainiwa makubaliano ya awali na Equinor na Shell, mradi ukatajwa kuwa wa zaidi ya dola bilioni 40. Ardhi bado inangoja. Kuna vijana waliojifunza uchomeleaji na umeme katika vyuo vya ufundi vya VETA kwa sababu walisikia neno gesi, leo wanafanya kazi nyingine kabisa. Siwalaumu wazazi wao waliouza korosho ili wawasomeshe. Nawaomba tu walio mamlakani wasiitaje tena ajira ya Likong'o majukwaani mpaka kuwe na tarehe.

Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko ni tofauti, ipo, inaonekana. Rais aliweka jiwe la msingi Septemba 2023 na mradi wenyewe ni wa zaidi ya Sh260 bilioni. Ndiyo itakayotujibu maswali yote kwa mpigo. Bandari ya uvuvi bila barafu ni gati tupu, na barafu ni umeme. Itahitaji mafundi wa majokofu, wachambuzi wa samaki, wapakizi. Ikiwalipa ujira wa kueleweka kwa mkataba wa maandishi, hakuna atakayelalamika kwamba watu hawapatikani. Ikiwaita deiwaka, itawakosa kama wanavyokosekana kwenye ufuta.

Lakini boti zinazotarajiwa kushusha samaki hapo ni zile zile nilizoanza nazo, na kwao kuna jambo moja linaloweza kufanyika mwaka huu bila mwekezaji yeyote. Ndani ya kila lita ya petroli mna tozo za mamia ya shilingi. Sehemu yake ni tozo ya barabara. Baharia wa Songo Songo anaichangia kila anapowasha mashine, na chombo chake hakijawahi kukanyaga lami. Tena lita hiyo kabla haijafika kisiwani imeshaongezwa nauli ya chombo na faida ya muuza madumu, juu ya bei kikomo ya mdhibiti wa nishati, EWURA. Serikali ilishasamehe kodi kwenye injini za boti na nyavu, na imekopesha wavuvi boti za kisasa. Kumpa mtu mashine kwa msamaha kisha kumtoza barabara kila anapoiwasha ni kutoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine.

Najua jibu la Hazina: mafuta ya msamaha yataishia kwenye matenki ya malori. Basi msisamehe pampuni, rudisheni baadaye. Mialo ina vikundi vya usimamizi wa uvuvi, BMU, vyenye orodha ya vyombo vyenye leseni na vinavyoandika samaki walioshushwa. Chombo kilicholeta samaki na kina risiti ya mafuta kirudishiwe tozo ya barabara kwa simu, kila mwezi, na fedha iliyorudi iingie kwenye hesabu ya mgawo ili baharia naye aione. Ianzie mialo ya Kilwa peke yake kwa mwaka mmoja, tuone kama wizi utazidi faida. Bajeti ya 2026/27 inasomwa Juni. Wabunge wa Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini wana muda wa kukipeleka kifungu hiki kwenye muswada wa sheria ya fedha, na nitawapigia simu wote wawili kuuliza kimefika wapi.