Kabla ya Kununua Kichwa cha Sindano

Kama unataka kuinunulia gramafoni yako kichwa cha sindano cha bei kubwa, ngoja kidogo. Utazame kwanza mkono wake.

Katika vichwa vya kawaida, sumaku ndogo hucheza karibu na waya uliotulia. Katika hivi vya bei kubwa, waya wenyewe, mwembamba kama unywele, ndio unaocheza mbele ya sumaku. Kwa kuwa ni mwepesi, sindano hufuata vizuri mifereji ya santuri. Lakini umeme wake ni haba mno.

Chukua kile cha Japani, Denon DL-103, kilichotengenezwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK. Hutoa milivolti 0.3 tu, cha kawaida hutoa kama 4 au 5. Bila transfoma ndogo ya kazi hiyo, utasikia sauti ya mbu! Tena hutaka kulaliwa na uzito wa gramu 2.5 hivi, na mkono mzito. Mkono mwepesi haukifai.

Na jambo hili wauzaji hawalitaji upesi: almasi ikichakaa, huwezi kuchomoa sindano na kutia nyingine kama ulivyozoea. Kichwa kizima huenda kwa fundi, au hununuliwa kingine. Ukiendelea kupiga hivyo hivyo, almasi itaichimba santuri aliyokuachia baba, nayo haipatikani tena dukani.

Kama fedha ni kidogo, mimi ningenunua kichwa cha kawaida kilicho kizuri, na zinazobaki ningenunua kimizani cha kupimia uzito wa sindano.