KAZI YA MIKONO: Kamba na shanga juu ya mti



Mtu akienda kununua kitanda, anaangalia kwanza miguu na nguzo za kichwani. Mguu wa mviringo tu anaupita. Ule wenye kamba iliyojikunja na shanga zilizopangwa, anasimama na kuupapasa. Mti ni ule ule, mulombwa wa pori letu. Kilichozidi ni kazi ya mikono, na kazi hiyo njo inaongeza bei.

Lakini vijana wengi wanasema: "Pasta, mimi sina mashini, nitaanza namna gani?" Jibu ni hili: shanga zinataka mashini ya kuzungusha mti, kamba haiitaki. Kamba inakatwa mti ukiwa umesimama kimya. Kwa hiyo unaweza kumlipa fundi wa mashini akutengenezee mguu wa mviringo pamoja na shanga zake, halafu kamba uikate mwenyewe nyumbani, hata siku ile hakuna kuran.

Kazi hii ni ya zamani. Kule Uingereza, baada ya mwaka 1660, viti na meza zenye miguu ya kamba zilipendwa sana. Kule Roma, katika karne ile ile ya 17, Bernini alisimamisha nguzo nne kubwa zenye kujikunja ndani ya kanisa la Petro Mtakatifu. Hizo ni za shaba iliyochanganywa na bati, lakini umbo ni lile lile la kamba.

Tuanze na shanga. Fundi anaandika kwa kreyo mistari miwili ya mipaka, tuseme santimetri 1 kati yao, na mstari wa tatu katikati. Kwa ncha ya patasi anakata kila mpaka, kisha anaviringisha patasi toka katikati kwenda kuume, halafu kwenda kushoto. Mstari wa katikati haugusi. Ukifutika, shanga imekuwa ndogo kuliko wenzake, na jicho la mnunuzi litaona. Mwambie fundi aweke shanga moja juu na moja chini, ili kamba ipate mahali pa kuanzia na pa kuishia.

Sasa kamba. Chukua mguu wenye upana wa santimetri 5. Zungushia kipande cha karatasi, ukate pale ncha zinapokutana. Kunja karatasi mara mbili, halafu mara mbili tena: umepata sehemu 4 sawasawa bila hesabu ngumu. Irudishe juu ya mti, weka alama, na uvute mistari 4 toka juu mpaka chini. Halafu andika pete kuzunguka mguu, kila santimetri 2 na nusu.

Anza pale mstari wa 1 unapokutana na pete ya kwanza. Shuka kwa mshazari mpaka mstari wa 2 kwenye pete ya pili, halafu wa 3 kwenye pete ya tatu, halafu wa 4. Kwenye pete ya tano umerudi mstari wa 1: umezunguka mara moja kwa santimetri 10. Rudi juu, uanze tena toka mstari wa 3. Hiyo mistari miwili ya mshazari njo mifereji. Kati yake zinabaki nyuzi mbili za kamba.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Nafasi ya kamba ikiwa santimetri 40, pete zinaingia sawa, nafasi 16. Ikiwa ni 41, usiache ile moja ibaki chini. Gawa 41 kwa 16, kila nafasi iongezeke kidogo, hakuna atakayeona. Kreyo inafutika, lakini mti uliokatwa haurudi, na kitanda chenye miguu mitatu ya kufanana na mmoja wa peke yake, nani atakinunua?

Tena, nguzo mbili za kichwani zisikunjwe upande mmoja. Moja iende kuume, nyingine kushoto, ziangaliane sawa ndugu wawili.

Kukata: fuata mstari kwa msumeno mdogo, kina cha milimetri 8 tu. Bandika skochi kwenye msumeno ikuonyeshe mahali pa kusimama. Kisha panua mfereji kwa tupa ya mviringo, lainisha mabega ya nyuzi kwa tupa bapa, umalize kwa kipande chembamba cha msasa ukikivuta kama mtu anayesugua kiatu. Funga kitambaa puani, juu vumbi ya mulombwa inachoma pua na kifua. Na kwa anayesimama kwenye mashini: mikono ya shati ikunjwe, hakuna kitambaa cha kuning'inia shingoni.

Wazazi, mguu wa kwanza usiwe wa mti wa kununua. Mpe kijana kipande cha kuni kilichonyooka. Akimaliza, usimuulize kwanza kama ni kizuri. Chukua santimetri, upime naye toka mfereji mpaka mfereji. Zikilingana zote, huyo anaweza kupewa mti wa mteja.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaona namna ya kupaka verni bila kujaza mifereji. Mbaki na amani.